Mtambo Niliomfungia Mke Wangu

Siku ya kumi na nne baada ya kumzika mke wangu, nilifunga mtambo wa kulainisha maji aliokuwa ameuomba miaka kumi na miwili nyuma.

Mimi ni fundi bomba. Watu wananiita Fundi tu, hata wale wasionipenda. Maji ya mji wetu ni magumu, yamejaa chokaa kiasi kwamba birika jipya ukilichemsha wiki moja unakuta ukoko mweupe chini yake. Chokaa hiyo ndiyo iliyonilisha na kunisomeshea binti. Nimekwangua hita za watu, nimekata mabomba yaliyoziba mpaka tundu likabaki la kupitisha penseli, na nimefunga mitambo ya kulainisha maji kwa daktari wa meno, kwenye saluni mbili, na kwa mama mmoja mwenye kiburi ambaye hakunipa hata kiti. Kwangu sikufunga. Mke wangu alipoomba, mikono ilikuwa imempasuka kwa kufua, nami nikamjibu, "Wiki ijayo." Niliahidi kwa mdomo mwepesi, na wiki hiyo haikufika. Baadaye akaacha kuuliza. Nilidhani amenikatia tamaa, na sitaficha, nilifurahi kwamba amenyamaza.

Alilazwa siku tisa. Siku ya nane nilimshika mkono, nikamwambia, "Ukitoka hapa utakuta maji laini nyumbani. Safari hii sikudanganyi." Alitabasamu, akatikisa kichwa. Nikajua haniamini, na kweli ningekuwa yeye nami nisingejiamini. Kesho yake asubuhi alifariki.

Kwa hiyo niliufunga. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile, hata kwa daktari. Mabomba yalinyooka, kila kiungo nilikizungushia tepu kwa utulivu, hapakuvuja hata tone. Nikajaza kwenye pipa lake chumvi ambayo mtambo huitumia kuondoa chokaa, nikafungua koki ya jikoni, nikanawa uso. Maji yaliteleza kwenye ngozi kama yana sabuni. Nililia pale pale kwenye sinki, mtu mzima, mpaka shati likalowa.

Lililobaki lilikuwa tangi lake.

Mke wangu alikuwa fundi cherehani, akishona sare za shule sebuleni, na kando ya cherehani yake, karibu na dirisha, alikuwa na tangi la kioo lenye samaki wadogo na mimea. Samaki hawakumshughulisha sana. Mimea ndiyo ilikuwa roho yake. Nyuma kulikuwa na majani marefu membamba kama utepe, yanayofika juu ya maji na kulala. Mbele kulikuwa na vichaka vya rangi ya kahawia, na katikati mmea wa majani magumu alioufunga kwenye jiwe kwa uzi mweusi wa cherehani. Alikuwa akiipunguza kwa mkasi ule ule wa vitambaa, halafu anaulalamikia mkasi kuwa butu. Alikuwa akiniambia habari za mimea hiyo kila siku. Ninachokumbuka mimi ni sauti yake tu, na mgongo wake akiwa ameinamia kioo.

Siku ya mazishi binti yetu aliniuliza, "Baba, tangi la Mama utaliweza?" Yeye ni muuguzi, anafanya kazi mji mwingine, asingeweza kulichukua.

"Si maji?" nikamjibu. "Maji ndiyo kazi yangu. Ukija mwisho wa mwezi ujao utalikuta lilivyo."

Nilimwahidi kwa kiapo, na safari hii nilidhamiria. Nilijua mke wangu alikuwa akibadilisha ndoo moja ya maji kila Jumamosi, basi nami nikabadilisha ndoo moja, tena ya maji laini, safi, yasiyo na chembe ya chokaa. Nilijivuna. Niliona namtunzia mimea yake kwa maji ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuyapata.

Wiki ya pili ule mmea wa utepe ulianza kupauka. Majani mapya yalitoka ya njano, yamejikunja, yana matundu. Nikasema ni njaa ya maji masafi, nikaongeza ndoo ya pili. Wiki ya tatu nikawa nabadilisha kila baada ya siku moja. Vile vichaka vya kahawia vikaanza kuyeyuka, si kunyauka, kuyeyuka, jani zima linageuka uji na kubaki mshipa wa katikati. Hata konokono waliokuwa wakitambaa kwenye kioo, magamba yao yakapata mabaka meupe. Nililifokea tangi. Nilisimama sebuleni kwangu nikiifokea mimea kama wafanyakazi wazembe: mnataka nini tena? Kichaka kikubwa kuliko vyote kilipobaki vijiti, nikakishika shingoni, nikaking'oa na mizizi yake yote, nikakitupa kwenye pipa la taka. Gari la taka lilipita kesho yake.

Binti alipiga simu Jumapili. "Mimea ya Mama inaendeleaje?"

"Inaendelea vizuri," nikasema.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili afike. Nikachukua chupa, nikatia maji ya tangi na jani moja bovu, nikaenda dukani ambako mke wangu alikuwa akinunua mimea yake. Nilikuwa nimempeleka mara nyingi, lakini sikuwahi kuingia. Nilikuwa nikimsubiri nje. Ni chumba kirefu chenye giza kidogo, matangi yamepangwa pande zote mbili, na mwenye duka ni mama mnene wa makamo mwenye mikono iliyolowa daima. Wateja wanamwita Mama Samaki.

"Shemeji," akasema aliponiona, akafuta mikono. "Pole sana. Nilikuja msibani. Siku ile ulikuwa huoni mtu."

"Asante." Nikaweka chupa mezani. "Mimea imekufa. Nataka mingine ya aina ile ile, na ukubwa ule ule. Binti yangu anakuja, nisingependa ajue."

Hakucheka, wala hakunionea huruma, jambo nililolishukuru. Aliinua chupa kwenye taa akalitazama lile jani. Kisha akatoa kijikaratasi cha kupimia, kile kinachobadilika rangi, akakichovya kwenye maji na kusubiri. Akakitazama, akakiweka chini. Akatoa kingine.

"Haya maji umeyatoa wapi?"

"Nyumbani. Kwenye tangi lake."

"Hapana, shemeji. Dada alikuwa haji hapa bila chupa ya maji. Nimeyapima maji ya kwenu miaka mingi, nayajua kuliko chai yangu. Haya siyo."

Nikanyoosha mgongo. "Nimeyalainisha," nikasema. "Nimemfungia mtambo. Ule wa chumvi. Alikuwa ameniomba."

Mama Samaki akavuta stuli, akakaa taratibu, akanionyesha nami nikae. Nilibaki nimesimama.

"Ngoja nikuambie dada alivyoanza," akasema. "Mwanzoni alikuwa anapenda ile mimea myekundu, ya kwenye picha. Akapanda, ikafa. Akapanda tena, ikafa. Ile inataka maji laini. Alikaa mwaka mzima akiua mimea na kulia hapa hapa ulipo. Siku moja akaja na chupa, akasema, 'Nipimie maji yangu, halafu niambie ni mmea gani unayapenda yalivyo.' Tukaanza kuchagua upya. Huo utepe unakula kutoka kwenye chokaa hiyo hiyo unayoichukia. Hao samaki, hao konokono na magamba yao, wote ni wa maji magumu. Hakuna kitu mle ndani alichokiweka kwa bahati. Wewe sasa umewaondolea madini yote, ukawatilia chumvi mahali pake. Na kila ulipoona wanaumwa, ukawaongezea."

"Mtambo aliuomba yeye," nikasema kwa sauti ya juu kuliko nilivyokusudia. "Mikono yake ilikuwa inapasuka. Ningefanya nini tena? Angeniambia!"

Akaangalia mikono yake mwenyewe.

"Aliuomba kabla ya tangi," akasema. "Baadaye hakuutaka tena. Mikono alipata mafuta ya kupaka. Alikuwa na hofu kweli, siku utakapokumbuka ahadi utakuja kuufunga na kumuulia kila kitu. Mimi nilimwambia, mwambie mumeo. Akasema, 'Nimemwambia mara tatu. Ananiitikia ehe, ehe, anaendelea na spana zake.'"

Nilijaribu kukumbuka. Nilisimama katika duka lile na kupekua kichwa changu chote, nikimtafuta mke wangu akisema neno hilo hata mara moja kati ya hizo tatu. Niliiona meza, nikaziona spana juu ya gazeti, nikajisikia nikisema ehe. Maneno yake sikuyapata. Halafu nikakumbuka kile kichwa alichokitikisa hospitalini. Hapo ndipo nilipokaa.

Mama Samaki aliniacha nilie bila kuniambia ninyamaze. Alipoona nimetulia akauliza, "Vile vya kahawia vikoje?"

"Vimeyeyuka. Kikubwa nimeking'oa nikakitupa."

"Ah, shemeji." Alifumba macho kidogo. "Vile vikibadilishiwa maji huyeyusha majani, ndiyo tabia yao. Mizizi inakuwa hai. Ungekiacha kingerudi."

Nilichukua ile chupa, nikalitazama tena lile jani bovu.

"Kimebaki chochote?"

"Kuna kisiki kimoja kidogo nyuma ya jiwe. Mkono haukufika."

"Basi hicho usikiguse hata kwa kidole. Rudisha maji yenu ya zamani, ila polepole, ndoo nusu kila baada ya siku mbili, usije ukawaua na samaki. Mimea ninayo, lakini leo sikuuzii. Kwanza maji. Halafu sitakuuzia kitu cha kumdanganyia mwanangu."

Nilirudi nyumbani nikafunga koki kuu. Ningeweza kuweka bomba la pembeni, maji magumu yaende kwenye tangi na maji laini yabaki jikoni na bafuni. Ni kazi ya nusu saa, fundi yeyote angefanya hivyo, na hata wakati nafungua kiungo cha kwanza mkono wangu ulikuwa unapima pa kuliweka. Lakini mke wangu hakuutaka mtambo. Alisema mara tatu kwamba hautaki. Nikautoa wote, na pipa la chumvi, na mabomba yangu yaliyonyooka, nikaunganisha nyumba kama ilivyokuwa. Nilipofungua koki maji yalikohoa, yakatoka. Nilinawa mikono, nikasikia ukavu ule ule wa siku zote.

Siku zilizofuata niliishi kwa nusu ndoo. Utepe wa nyuma ulikufa wote isipokuwa shina moja lenye majani matatu. Samaki wawili nao walikufa. Kile kisiki cha nyuma ya jiwe hakikusema kitu. Kila asubuhi nilivuta shingo kukitazama, na kila asubuhi nikakuta kijiti cheusi kwenye mchanga.

Binti alifika Ijumaa mchana. Aliweka begi, akanisalimu, akaenda moja kwa moja kwenye tangi. Nilibaki mlangoni kwa jikoni. Kwa mbali lile tangi lilikuwa maji tu, na mawe.

"Baba," akasema.

Nikamweleza yote. Mtambo, chumvi, ndoo mbili, kichaka nilichokitupa, uongo niliomwambia kwenye simu. Sikumtazama usoni. Alinisikiliza akiwa ameinama, paji la uso limekaribia kioo, na nilipomaliza akanyoosha kidole.

"Na hiki je?"

Nikasogea. Nyuma ya jiwe, pembeni mwa kile kisiki, palikuwa na jani. Lilikuwa dogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, limejikunja, la kahawia. Asubuhi sikuwa nimeliona, au lilikuwa halijafunguka.

"Kiko hai," nikasema. "Kiko hai, mwanangu."

Tulilitazama muda mrefu. Binti alikuwa analia huku anacheka. Akajifuta kwa kiganja.

"Mama alikuwa ameipa yote majina, unajua? Ananiambia kwenye simu, fulani amenenepa, fulani ana kiburi. Hiki cha nyuma ya jiwe sikuwahi kukiona. Alikuwa anakiitaje?"

Ningeweza kutunga. Neno lolote lingemfaa, angelichukua na kulifurahia, na hakuna mtu duniani ambaye angenibisha.

"Sijui," nikasema. "Aliniambia, sina shaka aliniambia. Sikuwa namsikiliza."

Aliendelea kulitazama jani. Nilidhani amekasirika, na alikuwa na haki. Aliposema, alisema kwa upole, bila kunigeukia.

"Jumapili hii nilipokupigia tena, nilikuambia jambo, Baba. Nililia kabisa. Ukasema, ehe, vizuri, tutaonana Ijumaa."

Nilitafuta. Jumapili, simu sikioni, macho yangu kwenye kile kijiti cheusi. Hapakuwa na kitu.

"Sikulisikia," nikasema. Nikavuta kiti cha mama yake, nikamwekea, nikachukua stuli yangu nikakaa mbele yake, mgongo wangu ukaelekea tangi. "Niambie tena."

Alinitazama, akichunguza kama kweli namsikiliza. Halafu akaanza upya, tangu mwanzo.