Waliopanga Nyuma ya Nafasi Tupu

Kezia alikuwa akitandaza ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye meza ya wavu kwa viganja viwili, haraka haraka kabla jua halijawa kali, mumewe alipompitia akitoka ziwani na nguo mbichi.

"Leo kwenye uchaguzi unyamaze," Leonidasi alimwambia. "Nakuomba, mama Ange. Mtumbwi ninaovulia ni wa Swedi."

"Nitanyamaza."

"Mbona unacheka?"

"Nacheka, lakini nitanyamaza."

Swedi alikuwa prezida wa komite ya mwalo wao wa Rumonge, pwani wanakoshukia wavuvi, na kila uchaguzi aligombea peke yake. Kanuni ilitaka mgombea awe na mtumbwi wake. Wanawake wakausha samaki ndio waliokuwa wengi pwani pale, na michango walitoa sawa na wanaume, ila hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na mtumbwi. Wanaume wenye mitumbwi nao walipata esansi ya injini kupitia kwa Swedi, siku hizi ilivyoadimika na kupanda bei kila kukicha. Nani angejitia kumpinga? Hata choo kilichojengwa kwa michango ya wote prezida alikitia kufuli, ufunguo akauweka mfukoni, eti ni cha wageni. Wanawake wakibanwa walipanda kilima mpaka kwenye michikichi, huku nyuma kunguru wakila samaki wao.

Watu walipokusanyika, Revokatus, karani aliyetumwa kutoka ofisi ya zone, alisimama chini ya hangari, banda la kupokelea samaki, na tai yake shingoni, akaeleza kwamba kila mtu apange mstari nyuma ya mgombea wake. Swedi akajitokeza, shati limenyooshwa pasi. Wenye mitumbwi wakapanga nyuma yake, wavuvi wao wakafuata. Leonidasi alikuwa wa mwisho, macho chini.

"Bon. Na nyinyi mamama, mupange," Revokatus akasema.

"Nyuma ya nani?" Kezia aliuliza. Ahadi ilikuwa imemtoka kichwani.

"Ya mugombea."

"Na asiyemtaka?"

"Mama, mugombea iko mumoja tu."

Upande wa pili wa hangari palikuwa patupu, tena na kivuli kizuri. Kezia akaenda huko, akaacha nafasi ya mtu mmoja mbele yake, akasimama, mikono imemjaa magamba. Hakuna aliyemfuata. Akajiona mjinga mbele ya watu.

Kisha akasikia kandambili nyuma yake. Alikuwa Cibalonza, Mkongomani wa Uvira ambaye meza yake ilipakana na ya Kezia.

"Sogea mbele, dada, mie jua linanichoma."

"Usinisukume. Nitamkanyaga mgombea."

Cibalonza akaangua kicheko. Akaja Speciosa, akaja Vestine na mtoto mgongoni, wakaja wengine kwa makundi, mpaka mstari ukatoka hangarini na kufika mchangani.

"Munapanga nyuma ya nani?" Revokatus alifoka.

"Ya huyu hapa."

"Mie simuone mutu!"

"Hata huyo wenu," Kezia alimjibu, "tangu tumpe uprezida, na sisi hatujamwona."

Kicheko cha kwanza kilitokea kwenye mstari wa Swedi. Alikuwa Leonidasi. Alijiziba mdomo, lakini alichelewa, na pwani nzima ikaitikia. Cibalonza akaipigia magoti ile nafasi tupu: "Amahoro, prezida! Watoto hawajambo?" Wanawake wakapiga vigelegele, wakaanza kuimba na kucheza palepale walipopanga.

Revokatus alihesabu mstari wa Swedi tu. Sheria, alisema, inahesabu kura za mgombea. Akatangaza: "Swedi amechaguliwa bila kupingwa!" Wanawake wakampigia makofi mengi kuliko waliomchagua, naye Swedi, kwa kutojua afanye nini, akampa karani mkono mara mbili.

Wakati wa kuondoka Revokatus alisimama kando ya Kezia, akapunguza sauti. "Mama, sasa nyinyi nitawaandika wapi? Hakuna mahali."

"Andika kwamba tulikuwepo."

Karani akafunga kalamu.

Mchana Leonidasi alikuja mezani pa mkewe na koti lake la mvua begani.

"Swedi ameniambia nisirudi mtumbwini."

Kezia aliacha kazi. "Kwa ajili yangu."

"Kwa ajili ya kicheko. Nilijaribu kukizuia, wallahi, kikanishinda."

Hawakuwa na akiba hata ya wiki, na wote wawili walijua. Lakini walipotazamana, mdomo wa Leonidasi ukaanza tena kutetemeka, na Kezia akalazimika kushika ukingo wa meza kwa kucheka. Mumewe akakunja mikono ya shati.

"Hawa wanageuzwaje?"

"Taratibu. Usiwavunje vichwa."

Cibalonza alikuwa amesikia yote. Alichota ndagala zake kwa viganja viwili, akazimwaga kwenye meza ya Kezia ziwe akiba ya nyumba yao. Akafuata Speciosa. Akafuata Vestine, mtoto mgongoni. Wavu ukaanza kubonyea, na Leonidasi, mtu mzima, akawa anageuza samaki huku machozi ya kicheko yakimtiririka.