Tai Aliyehamia Machinjioni

Majirani walimwita Bwana Darubini, kwa sababu hata akitumwa mkate alitoka na darubini shingoni. Kazini, kwenye idara ya utafiti wa ndege, aliitwa Dokta. Mkewe, fundi cherehani, alimwita kulingana na siku ilivyoamka.

Mwaka huo Dokta alikuwa akifuatilia kiota cha tai juu ya mti mrefu kando ya mto. Kinda alipokaribia kuruka, Dokta alimpandia kwa kamba, akamvika mgongoni kifaa kidogo kama kiberiti, cha kutuma habari za mahali alipo. Mikanda ya kifaa ilishonwa na mkewe. Dokta aliporudi na mkono uliochanwa, mkewe alimfunga kidonda huku akisema kwamba katika miaka ishirini ya ufundi hajawahi kupata mteja wa kumrarua mpimaji.

"Anaitwa nani?"

"Kumi na Saba. Sisi watafiti hatuwapi ndege majina. Ukimpa jina utampenda, na ukimpenda utaanza kuona yasiyokuwepo."

"Kumbe! Ndiyo maana mimi unaniita 'wewe'?"

Kumi na Saba hakuwa na haraka ya kuondoka. Wiki mbili nzima alisimama ukingoni mwa kiota, akakunjua mabawa, akatazama chini, akayakunja tena. Siku aliyoruka, nukta nyekundu ilianza kutembea kwenye ramani ya kompyuta, na kompyuta ikahamia meza ya chakula, katikati ya vikombe vya chai.

Mwanzoni Dokta alitoa taarifa kavu kavu. Kilomita nne, amerudi. Kilomita thelathini, amelala msituni. Lakini asubuhi moja aliruka kitini.

"Kijana amevuka ziwa!"

"Kijana yupi?" mkewe aliuliza, mdomo umejaa mkate.

"Kumi na Saba."

"Aa. Nilidhani mpwa wako."

Kazini mambo hayakuwa tofauti. Mkurugenzi alikuwa akieleza utaratibu mpya wa kuegesha magari, mara Dokta, simu imefichwa chini ya meza, akapaza sauti: "Vizuri sana, usitue hapo!" Mkurugenzi alishukuru kwa kuungwa mkono.

Kisha nukta ikasimama, pembeni ya mji ulio kilomita mia nne kutoka nyumbani. Siku ya kwanza Dokta alisema ndege amepumzika. Siku ya pili aliizima kompyuta na kuiwasha tena mara tatu. Siku ya tatu chai yake ilipoa bila kuguswa, na mkewe hakuona tena la kutania.

"Washa gari," alisema. "Kama ni mshono wangu uliomnasa bawa, nataka nikauone kwa macho yangu."

Walisafiri kutwa, wakalala njiani, wakafika kesho yake kabla ya adhuhuri. Dokta alishuka na antena mkononi, akaigeuza huku na huku, akifuata mlio uliozidi kukolea, mkewe nyuma yake na begi la nyuzi. Mlio uliwafikisha kwenye ukuta mrefu, kisha geti la chuma, kisha harufu. Ilikuwa machinjio ya mji.

Mchinjaji mkuu, jitu la mtu lenye mabuti ya mpira na sauti ya upole, aliwatokea getini.

"Mnamtafuta nani?"

"Tai," alisema Dokta. "Huenda amekufa."

"Tai? Mkaguzi, mnamaanisha! Afe kwa lipi? Yule pale juu ya tangi la maji. Huingia saa tatu, na hatoki mpaka mabaki yaishe."

Alikuwa yeye kweli, tumbo limemtuna kama mto wa kulalia. Muda si muda alishuka kugombania kipande cha utumbo na kunguru wawili. Mmoja alimvuta mkia; Mkaguzi alipogeuka kumkemea, wa pili akaondoka na utumbo. Ndege ambaye Dokta aliwaambia wanafunzi wake kwamba ni mfalme wa anga alibaki akitazama mahali chakula kilipokuwa.

Mkewe alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo. Alipoinua macho, Dokta alikuwa akifuta yake.

"Unalia?"

"Vumbi."

"Vumbi lipi? Sakafu yote hii imeoshwa sasa hivi."

Akampokonya darubini, akaitazama mikanda kwa muda mrefu, mshono mmoja mmoja. Haikulegea wala haikubana. "Imekaa," alisema polepole, akashusha pumzi aliyokuwa ameishika tangu nyumbani.

Kwenye ripoti Dokta aliandika kwamba ndege husika anatumia vyanzo vya chakula vinavyopatikana kwa urahisi. Mkewe alisoma juu ya bega lake. "Yaani ni mdoezi," akasema.

Miezi mitatu baadaye mchinjaji alipiga simu.

"Dokta, Mkaguzi hajaripoti kazini siku ya pili leo. Nimwandikie mgonjwa au mtoro?"

Dokta alifungua ramani. Nukta ilikuwa mbali, ikipanda na kushuka na kurudia juu ya mto mmoja, saa baada ya saa, kama wafanyavyo tai wakubwa.

"Anawinda," alisema. "Anajitafutia mwenyewe sasa."

"Sawa. Vizuri," alisema mchinjaji. "Ila leo tulikuwa tumemwekea ini." Akakohoa. "Akihama tena, nijulishe. Si kwamba namjali, Dokta. Ni hawa wenzangu hapa, wanauliza uliza."

Dokta alisema anaelewa kabisa jinsi wafanyakazi wenza wanavyoweza kusumbua. Akaahidi kumpigia kila Ijumaa, na hakukosa Ijumaa hata moja.