Soksi za Mzee Clifford

Katika kituo kile cha ughaibuni cha wazee waliovunjika mifupa, ukimwona mgonjwa ametoka chumbani nywele zimechanwa, kola imekaa sawa na soksi zimevutwa hadi juu, hukuwa na haja ya kuuliza nani yuko zamu. Ni mhudumu Irankunda. Wenzake walimtania kwamba wagonjwa wake wangeweza kutoka kitandani wakaenda moja kwa moja harusini. Alicheka nao, lakini moyoni aliipokea kama sifa, na kwa nini asiipokee? Alikulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania, mikononi mwa bibi yake Mrundi, aliyemfundisha kwamba mtu mzima haachwi ahangaike na kifungo huku kijana amekaa anatazama.

Kipenzi chake alikuwa Mzee Clifford, fundi bomba mstaafu kutoka mtaa wa Minto, aliyeanguka bafuni akavunja nyonga. Siku ya kwanza, Irankunda alipomshika mguu amvalishe soksi, mzee alisema, "Naweza mwenyewe." Irankunda akatabasamu, akaendelea. Alizijua adabu hizo. Kwao mzee akiletewa kiti husema hapana, usijisumbue, na mtoto mwenye malezi huleta kiti hata hivyo. Kesho yake mzee akakataa tena, safari hii kwa ukali kidogo, na Irankunda akamvalisha. Baada ya hapo hakukataa tena, naye akaona kwamba sasa wamezoeana.

Wamezoeana wapi. Jumanne alikuja mtaalamu wa mazoezi ya viungo kumpima, na kipimo chenyewe hakikuwa cha mchezo. Mzee aliishi peke yake, na asingeruhusiwa kurudi nyumbani kwake mpaka aonyeshe kwamba anaweza kuvaa na kujichemshia chai bila msaada. Akishindwa, binti yake angemtafutia nafasi kwenye makao ya wazee, na huko ndiko angemalizia maisha yake. Mtaalamu akamkabidhi soksi. Mzee Clifford akaitazama, akainua mguu, akatulia huku macho yakiwa mlangoni. Alikuwa akimsubiri Irankunda.

Wakampa mpaka Ijumaa ajaribu tena.

Wanjugu, muuguzi mkuu wa zamu, Mkenya asiyejua kuzunguka maneno, alimwita Irankunda kwenye chumba cha mashuka akafunga mlango.

"Mama Divine," alisema, akimwita kwa jina la mwanawe, "hiyo assessment umeiharibu ni wewe. Huyu mzee alikuja hapa akiweza kuvaa. Polepole, but alikuwa anaweza. Sasa ni nani amemfanya asiweze?"

"Dada, mimi namuheshimu tu. Nimuache muzee ateseke, mimi nakaa namuangalia?"

"Eeh. Ukae umwangalie. Hiyo ndiyo job yetu hapa."

Irankunda alitoka mle ameumia. Ndani ya treni ya kurudi kwake Doonside alimsema Wanjugu kimoyomoyo stesheni baada ya stesheni, kwamba amekaa na Wazungu mpaka amesahau alikotoka. Yeye ndiye wa kuambiwa ameharibu mgonjwa? Yeye, ambaye chakula chake mwenyewe hupoa kila siku akiwalisha watu? Alifika nyumbani na hasira yake, akaamka nayo.

Asubuhi alipofungua mlango wa Mzee Clifford, mzee alimwona, akainua mguu. Hakutabasamu wala hakununa. Aliuinua tu, kama mtoto anayevishwa huku mawazo yake yako kwingine. Ndipo Irankunda akaikumbuka sauti ya siku ya kwanza. Haikuwa adabu ile. Mtu alikuwa akimwambia ukweli, na yeye, pamoja na mapenzi yake yote, akamnyang'anya uwezo wake. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

Akaweka soksi kitandani, akavuta kiti, akakaa.

"Samahani, mzee," alimwambia. "Ulisema unaweza, mimi sikukuamini."

Mzee akaichukua soksi.

Jamani, kutazama nako ni kazi. Soksi ilinasa kwenye kidole gumba, ikaanguka, na mzee akatoa tusi la mafundi bomba. Mikono ya Irankunda ilikuwa ikienda yenyewe, hata akaiweka chini ya mapaja akaikalia. Uji wa mzee ulipoa mezani. Mwishowe soksi iliingia, kisigino kimegeukia juu, na kuiacha hivyo kulimwia Irankunda vigumu kuliko yote yaliyotangulia. Lakini aliiacha. Alhamisi aliikalia tena mikono yake.

Ijumaa mzee alivaa mbele yao wote, mtaalamu, Wanjugu na yule binti wa mzee, kisigino kimekwenda upande. Akaenda jikoni na kigari chake cha kutembelea, akachemsha maji. Maji yalimwagikia meza, na Irankunda hakusogea. Mtaalamu akatikisa kichwa kuafiki, akamwambia binti aiandae nyumba ya Minto. Binti akaanza kulia.

Mzee hakuwasikiliza. Alichukua kikombe cha pili, akamimina, akakisukuma upande wa Irankunda.

"Kaa," alisema. "Hiki ni chako."

Tangu azaliwe, Irankunda hakuwahi kuandaliwa chai na mtu wa umri wa babu yake. Alifungua kinywa aseme hapana, usijisumbue, akakifunga. Akakaa. Chai haikuwa na sukari, na maziwa yalikuwa ya baridi, lakini aliinywa yote, na mzee alipouliza kama anataka nyingine, akasema ndiyo.