Waziri Aliyepanda Feri

Ragnfrid Solbakk, aliyekuwa mbunge kwa miaka kumi na sita, alikaa kwenye roshani ya wageni katika Bunge la Norwe jijini Oslo akisikiliza maswali kwa mawaziri. Waziri wa Uchukuzi alikuwa akisoma majibu bila kuinua macho. Ragnfrid akamkumbuka Torgrim Aasheim.

Mwaka 1978 Torgrim ndiye aliyekuwa waziri, na alikuwa amepunguza safari za feri za majira ya baridi kwenda kisiwani kwa kina Ragnfrid. Alipoulizwa sababu bungeni, alisoma jibu refu kuhusu kubana matumizi.

"Mheshimiwa Waziri," Ragnfrid aliuliza swali la nyongeza, "wewe mwenyewe umewahi kuipanda feri hiyo?"

Torgrim aliweka karatasi chini. "Sijawahi."

"Basi karibu Januari. Njoo na koti zito."

Wabunge waliangua kicheko, lakini Torgrim alikwenda kweli. Alitapika njia nzima. Mama yake Ragnfrid alimkalisha jikoni na kumpa supu ya samaki.

"Kunywa, mwanangu," alimwambia. "Usije ukatufia hapa. Feri ya kukurudisha ni Alhamisi."

Mwezi uliofuata safari zote zilirudishwa. Tangu hapo, kila Jumatano baada ya maswali, wawili hao walikunywa kahawa pamoja, ingawa vyama vyao havikupatana hata siku moja.

Torgrim alikuwa amezikwa wiki iliyopita.

Chini ukumbini, mbunge mmoja mpya alisimama kuuliza swali la nyongeza, sauti ikimtetemeka. Ragnfrid aliinama mbele, akashika ukingo wa roshani.

"Mbane, binti," alinong'ona. "Mbane hapo hapo."