Wa Nyuma Wangali Juu ya Kasai

Asubuhi ile Ndaya aliacha maharagwe motoni akamsindikiza mumewe hadi uwanja wa ndege wa kambi, nje ya Kamina. Bolingo, askari wa cheo cha koplo, alimbeba mgongoni binti yao Noémie. Moyo wa mtoto ulikuwa umevimba na midomo imegeuka buluu. Daktari alisema atapona akipasuliwa Kinshasa, mradi afike upesi. Kinshasa ni zaidi ya kilomita elfu moja, lakini kwa ndege ni saa mbili na kidogo.

Mbele ya ndege walikaa mke wa kanali na rafiki zake, waliokuwa wakienda harusini. Bolingo na Noémie waliketi nyuma, juu ya magunia ya unga.

Mchana Ndaya alimwendea Kalenga, mwendeshaji wa redio ya kambi, kuulizia ndege.

"Avio ilifika?"

"Ya mbele njo ilifika. Mama wa koloneli alishashuka," alisema Kalenga. "Ya nyuma ingali mu njia."

Ndaya aliitikia kwa kichwa. Mume wa jirani yake Émerence aliwahi kukaa nyuma ya ndege hiyo wakati wa kupanda mahindi, akatua yalipokwisha kuvunwa. Ndaya aliomba kuongea na Bolingo kwa redio.

"Baba Noémie, muko wapi?"

"Juu ya Kasai. Mutoto analala."

"Anapumua muzuri?"

"Anapumua."

Kiangazi kilianza, kikaisha. Wa nyuma walikuwa wangali angani juu ya nchi ya Kasai, wakisonga ugali wao wa bukari kwenye mbabula, jiko la makaa, katikati ya magunia. Mke wa kanali alirudi, akaenda tena, akarudi na friji. Kila alipowapita angani, Bolingo alimpigia saluti dirishani.

Ndaya alikwenda kwa kanali, akapiga magoti.

"Koloneli, mwambie rubani ashushe na ya nyuma. Mutoto atakufa."

Kanali alimwinua kwa mkono wake mwenyewe. "Mama, avio iko moja. Lakini kila muntu iko na fasi yake."

Siku moja Bolingo mwenyewe aliita kwa redio, akamtaka Ndaya.

"Mama Noémie. Mutoto alishakuwa baridi."

"Mufunike."

"Nilimufunika."

Ndaya alikishika chombo cha redio kwa mikono miwili. Hakulia, alitaka kusikia kama kuna pumzi nyingine karibu na ya mumewe. Alisikia injini tu.

Wa nyuma wakatua Kinshasa jioni ile. Hospitalini walimwambia Bolingo kwamba alipaswa kuja mapema, akapelekwa mochwari na mzigo wake, amsubiri mkewe wazike.

Kanali alimwonea huruma Ndaya, akampa nafasi katika ndege ya kesho yake, sehemu ya nyuma. Ndaya alishukuru, akasema atapanda treni hadi bandari ya Ilebo, na kutoka hapo bato, meli ya mtoni.

"Ile ni majuma mingi, mama," alisema kanali. "Avio ni saa mbili."

"Niko na haraka, koloneli."

Émerence alimsaidia kubeba furushi hadi stesheni ya treni. Treni ilikuwa haijafika, na hakuna aliyejua itafika lini. Wakaketi chini, Ndaya akaegemeza kichwa begani kwa mwenzake, wakaingoja.