Chungu Chini ya Kizingiti

Mimi subira sikujaaliwa. Mwenye subira alikuwa shangazi yangu Wadha, lakini siku ile, kule Ibra, Omani, yake ilikwisha kabla ya yangu.

Nyumba yenyewe gofu tu. Paa limeanguka, kuta za udongo zimeliwa na mvua, mbuzi wa jirani wanalala ukumbini. Lakini ilikuwa nyumba ya babu yangu Marhun, na shangazi alizaliwa humo kabla hajabebwa, angali mchanga, kupelekwa Unguja. Tuliporudi baada ya mapinduzi, Thabit, mtoto wa ami yake, akatuambia Marhun aliondoka Ibra kijana hana mke, asirudi tena, na kwamba nyumba ilijengwa na babake yeye. Mashahidi wa zamani zile wote wamekufa. Sisi kwao ni Wazinjibari, watu wa kuja kutoka Unguja, hatuna letu. Tukapanga chumba nyuma ya soko.

Mwaka wa sabini na nane akaja Mwingereza, Bwana Collins, kuchunguza mitaa mikongwe. Kwao alikwisha andika historia ya kijiji chake na kanisa lake, akachimbua mpaka misingi ya majiko ya wazee wao. Sasa anataka kujua wazee wa Ibra nao waliishi vipi. Mimi ndiye mkalimani wake, maana Kiingereza nilikisoma Unguja. Thabit alipopata habari, mbio akamkaribisha achimbe kwenye lile gofu, ili jina lake liandikwe kuwa ndiye mwenye nyumba. Akili anazo yule, lakini akili nyingi huondoa maarifa.

Chini ya kizingiti cha chumba cha ndani wachimbaji wakatoa chungu kidogo, kimefunikwa kifuu cha nazi. Ndani mna chumvi iliyoganda, sindano yenye kutu, na vumbi jeusi. Bwana Collins alifurahi, akasema pengine ni kafara ya watu wa kale. Thabit akasema ni uchafu, kitupwe. Mimi nilikitambua kile kifuu, si kitu cha Ibra, nikaenda mwenyewe kumwita shangazi.

Alikuja kajitanda kanga yake, akatoa salamu, akapiga magoti mbele ya kile chungu bila ya kukigusa.

"Mama aliniambia," akasema, nami nikawa nafasiri. "Zalio langu na kitovu changu alivizika chini ya kizingiti, ndani ya chungu, kwa chumvi na sindano. Kifuu alikuja nacho kutoka kwao Unguja. Wanawake wa hapa walimcheka."

Jirani yetu Kaltham, aliyekuwa kasimama mlangoni na wenziwe, akasema, "Kweli, sisi hatufanyi hivyo."

Thabit akakitazama chungu upya. Maana kama mke wa Kizinjibari alijifungua chumba kile, basi Marhun aliishi mle na mkewe, na nyumba ilikuwa yake. Hata wale mbuzi walielewa.

Bwana Collins akasema yuko tayari kutoa ushahidi kwa kadhi. Lakini chungu lazima kiende Maskati kikapimwe na kuhifadhiwa. Bila ya chungu, maneno yake ni maneno tu. Nikamfasiria shangazi, nikatia na yangu: "Kubali, shangazi. Nyumba tushaipata."

"Hakiendi."

"Sasa kadhi ataamini nini?"

"Asiamini. Unguja nilitolewa na nguo zilizo mwilini, Fakhriya. Sahani sikuchukua. Leo nitolewe na hapa, nikawekwe kabatini Maskati na namba shingoni? Afadhali niikose nyumba."

Nilimkasirikia, wallahi. Nilimwambia huo ni ukaidi, nikamwambia tutakufa kwenye chumba cha kupanga. Aliniacha niseme mpaka nikachoka. Kisha akakiteremsha chungu shimoni, akafukia kwa mikono yake, akashindilia udongo kwa viganja. Bwana Collins akaliweka koleo chini.

Thabit akacheka. Ushahidi umezikwa, yeye kapona. "Haya, binti ami," akasema. "Umekwisha kucheza. Nenda kwenu."

Shangazi akapangusa mikono. Akatandika kanga yake juu ya udongo ule ule, akakaa, mgongo kauegemeza ukutani.

"Fakhriya, kaniletee kitanda changu na sufuria," akasema. "Na wewe Thabit, ukitaka kunitoa, koleo hilo hapo. Anzia hapa nilipokaa. Chimba, na watu wakione unachokitoa."

Thabit alilitazama koleo, akawatazama kina Kaltham mlangoni, nao wakimtazama yeye. Hakuliokota. Aliwapita akenda zake bila ya kuaga, na mimi nikaenda kuleta kitanda.