Nadhiri ya Muzee Massoudi

"Vaa viatu, Baba, mawe haya yatakukata..."

"Mi nilisema miguu mitupu..."

"...na sukari yako hiyo, kidonda kikitoka..."

"...na Mungu alinisikia nikisema miguu mitupu. Weye haukuwepo."

Ndivyo walivyofika chini ya kilima asubuhi ile, baba na mwana, wakiongea wote pamoja kama redio mbili juu ya meza moja. Djibril ndiye aliyekuwa na sauti kubwa, ila muzee alikuwa ameshakaa kwenye jiwe, amevua viatu, amevifunga kamba na kuvitundika shingoni. Mtu aliyeng'ang'ania injini za malori mtaani Buyenzi miaka thelathini, utamshinda kwa maneno?

Nadhiri yenyewe ilianza siku mbaya. Mwaka wa tisini na tano muzee Massoudi aliharibikiwa na lori barabara ya Rumonge, pale mlima unapokaribia kuingia ziwani, na hapo hapo mtu wa baiskeli akampa habari kwamba kule chuo kikuu wanafunzi wanauana. Djibril alikuwa huko, kitandani kwake, mwaka wa kwanza wa économie. Muzee akainua macho, na kitu cha kwanza alichokiona ni kilima hiki. Akasema, ee Mola, mtoto akitoka salama na akimaliza masomo, nitapanda hapo juu miguu mitupu nisali rakaa mbili za shukrani. Kama lori lingemfia mbele ya kiwanda cha bia, sijui angeahidi nini.

Djibril alitoka salama. Kilima ndicho kilichofungwa. Vita ilikaa huko juu miaka na miaka, na aliyepanda kutafuta kuni alikutana na wanajeshi au akakutana na wale wengine wa msituni, na wote hawakuwa watu wa kusalimia. Mpaka mwaka huu wa elfu mbili na nne, wanajeshi wa kule barabarani walipoanza kuachia watu wapande asubuhi, mradi saa nane wawe wameteremka.

Na masomo? Mwezi wa saba Djibril alisema nyumbani kwamba amemaliza. Alisema hivyo akitafuna kitumbua, ili mama yake, Mwantum, aache kumuuliza. Kweli yake ni kwamba alikuwa ameacha zamani. Chuo kilifunga, kikafungua, kikafunga tena, na yeye mara ya tatu hakurudi. Mémoire yake, ile tasnifu ya kumalizia chuo, ilikuwa na kurasa kumi na moja na jalada zuri sana. Siku zake alizimalizia mtaa wa Kamenge kwenye vibanda, akiigiza sauti za watu: maprofesa, imamu, muuza dawa za meno. Watu walicheka mpaka wanashika mbavu. Hakujua kwamba kitumbua kile kitamfikisha hapa. Sasa nyumbani Mwantum ameinjika masufuria mawili ya pilau, majirani wamealikwa dua ya alasiri, na muzee anakwenda kumshukuru Mungu, miguu mitupu, kwa kitu ambacho hakipo.

Ndiyo maana alibishana juu ya viatu. Alibishana pia juu ya jua, juu ya nyoka, juu ya presha. Muzee alipanda polepole, kidumu cha maji mkononi, akisimama kila baada ya hatua kumi na kutazama nyayo zake. Mmoja ulikuwa unatoka damu. Kila Djibril alipofungua mdomo aseme kweli, ulitoka mzaha.

Katikati ya mlima, hila ikamjia. Muzee haogopi jua wala nyoka, lakini mwanajeshi akimrudisha, atarudi. Nadhiri itangoja. Na yeye labda atarudi chuoni, ataandika hizo kurasa zilizobaki, mambo yatajipanga yenyewe. Akamwambia baba yake atangulie, yeye anaingia majanini kukojoa. Kisha akazunguka mbio kwa upande wa ziwa, akatokea juu ya njia, akajificha nyuma ya mwamba.

Muzee alipokaribia, Djibril akamwamuru asimame kwa sauti yake ya afande, ile iliyopendwa kuliko zote kule Kamenge.

"Hagarara! Amaboko hejuru!"

Kidumu kikaanguka. Muzee Massoudi akainua mikono yote miwili, vidole vimefunguka, viatu vinaning'inia shingoni. Djibril aliziba mdomo na kola ya shati asicheke.

"Uko na nani?" akauliza, kwa Kirundi kizito cha kambini.

"Niko peke yangu, chef," muzee akasema. Kisha akarudia kwa nguvu, karibu apasue koo. "Niko peke yangu! Hakuna mutu nyuma yangu! Sina mutoto, sikuzaa, niko mimi tu!"

Djibril akashangaa mbona anapiga kelele namna hiyo, mwamba uko hatua tano tu. Halafu akaelewa. Baba yake hakuwa anaongea na mwamba. Alikuwa anaongea na aliyebaki chini majanini, asikie, akimbie.

Kicheko kikamfia kifuani. Alitoka nyuma ya mwamba, na hakujua kwa nini, lakini alitoka mikono juu.

"Ni mi, Baba."

Muzee aligeuka kwanza, akatazama njia ya chini, alikodhani mwanawe yuko. Kisha akamtazama yeye. Mikono haikushuka upesi. Suruali yake ya kaki, ile ya Idi, ilikuwa imelowa, na si kwa maji ya kidumu, kutoka mapajani mpaka kwenye kifundo cha mguu. Djibril akaona, akahamisha macho ziwani. Ziwa lilikuwa na mtumbwi mmoja. Akautazama kama vile ameagizwa auchunge.

Na hapo, akiwa anatazama mtumbwi, akasema yote. Kwamba hakumaliza. Kwamba hakuna diploma, na miaka minne hajakanyaga darasa. Kwamba alitaka tu wasifike juu. Alisema bila kuigiza sauti ya mtu, na sauti yake mwenyewe ilimtoka nyembamba, kama ya kuazima.

Muzee aliketi chini njiani. Djibril alingoja kofi. Alikuwa tayari hata kwa laana. Kilichokuja ni swali.

"Mama yako anajua?"

"Apana."

Chini, barabarani, pikipiki ilipita, na mlio wake ukapotea kuelekea mjini. Muzee aliokota kidumu, akakitikisa asikie maji yaliyobaki, akauliza ni saa ngapi.

"Saa sita na nusu."

"Adhuhuri imefika," akasema muzee. Alifungua kifuniko, akaangalia kilele, akaangalia mapaja yake. Halafu, bila kumtazama mwanawe usoni, akanyoosha mkono.

"Vua suruali yako, unipe nisalie."